Waliosomea sheria wakiwa gerezani: tuzungumzie kazi walizofanya, picha za majoho tumeziona

#1 Kalamu Butu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki hii imezunguka tena kwenye magrupu ile picha ya Susan Kigula wa Uganda na maelezo yake yaleyale: alihukumiwa kunyongwa, akasomea sheria gerezani, akajitetea mwenyewe mahakamani, akawaokoa wenzake 417. Nimeipokea mara nne kabla ya chai ya saa nne, zote zimemaliziwa na "elimu ni ufunguo wa maisha".

Mimi si mwanasheria, ni mtu wa stoo. Haya mambo ya haki jinai nimeyafuatilia miaka kadhaa kwa sababu zangu ambazo leo siziweki hapa. Ninachotaka kusema ni kwamba hadithi hiyo imepangwa kichwa chini miguu juu, na ukiipanga vizuri inakuwa tamu kuliko hiyo ya kwenye picha.

Kigula alihukumiwa mwaka 2002 kwa mauaji ya mwenza wake. Yeye amekana siku zote. Sheria ya Uganda wakati huo haikumpa jaji pa kupumulia: ukitiwa hatiani kwa mauaji, adhabu ni moja, kitanzi. Una mtoto anayenyonya, ni kosa lako la kwanza, ulikuwa na miaka ishirini na kidogo, jaji anaweza kukuonea huruma mpaka machozi yamtoke lakini hana mahali pa kuiandika hiyo huruma.

Mwaka 2003 wafungwa waliokuwa kondemu, yaani wanaosubiri kunyongwa, wakafungua ombi Mahakama ya Katiba. Walikuwa 418, na jina la Kigula ndilo lililotangulia, ndiyo maana kesi nzima imebeba jina lake. Waliosimama kuzungumza mbele ya majaji ni mawakili wenye leseni zao. Kigula hakuwa na cheti chochote cha sheria siku hiyo. Hukumu ya kwanza ilitoka tarehe 10 Juni 2005, serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Juu ikamaliza mjadala tarehe 21 Januari 2009.

Ilisema nini? Kwanza, adhabu ya kifo ya lazima ni kinyume cha Katiba, jaji lazima aachiwe nafasi ya kupima. Pili, mtu akikaa zaidi ya miaka mitatu tangu mahakama ya mwisho ithibitishe hukumu yake, hajanyongwa wala hajasamehewa, adhabu inageuka kifungo cha maisha. Adhabu ya kifo yenyewe haikufutwa. Hapo ndipo wengi wanapoteleza wakisambaza ile picha.

Stashahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha London, kwa masomo ya masafa, Kigula aliipata baadaye akiwa mlemle gerezani Luzira, ambako kabla ya hapo alikuwa amerudi shule za kawaida na kufanya mitihani ya sekondari. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ikampangia adhabu upya, miaka 20. Januari 2016 akatoka.

Sasa tuelewane. Hawakusoma kwanza ndipo wakashinda. Walishinda, kisha kukawa na kazi ya kusoma. Maana ukishinda kesi ya watu 418, ushindi unakuja kama gunia la mahindi: lazima lifunguliwe, lipepetwe, kila mtu apimiwe kibaba chake. Wale ambao adhabu yao ilikuwa ya lazima walitakiwa warudi Mahakama Kuu, kila mtu na maelezo yake, kila mtu aeleze kwa nini asinyongwe. Wangapi kati yao walikuwa na wakili wa kuwalipia nauli tu? Nani aliwaandikia?

Kenya nako kuna Peter Ouko. Alikaa ndani miaka 18, wa kwanza Kenya kupata stashahada ya sheria ya London akiwa mfungwa, katoka Oktoba 2016 kwa msamaha wa Rais, na kundi alilolianzisha akiwa ndani, Crime Si Poa, sasa linaongea na vijana mtaani. Kuna Morris Kaberia, aliyekuwa askari polisi, akahukumiwa kifo kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu, akasoma LLB, shahada ya sheria, mlemle gereza la Kamiti, akasimama mwenyewe kwenye rufaa yake, akaachiwa 2018. Wengi wa hawa wamepitia mpango ulioanzishwa na Mwingereza Alexander McLean mwaka 2007, African Prisons Project, siku hizi unaitwa Justice Defenders.

Swali langu kwenu: mafanikio ya watu hawa tuyapime kwa nini? Kwa joho? Kwa kwamba walitoka? Au kwa makaratasi ya watu wengine waliyoyaandika?

#2 Kapuku_1

Nimeshakaa siti ya mbele na karanga zangu. Uzi tayari.

#3 Mswahili wa Tudor

Kalamu Butu, kongole kwa kuweka tarehe mahali pake. Nami niongeze za kwetu, maana Wakenya tuna tabia ya kudhani kila kitu kilianza na kesi ya Muruatetu, ile iliyofuta kifo cha lazima kwa mauaji.

Kabla ya Muruatetu kuna hukumu ilisomwa hapahapa Mombasa, Julai 2010, Mahakama ya Rufani, kesi ya Mutiso: kifo cha lazima kwa muuaji si halali. Watu wakashangilia. Mwaka 2013 mahakama hiyohiyo, benchi jingine, ikala matapishi yake ikarudisha mambo yalivyokuwa. Ikabidi mpaka tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu iseme ya mwisho kwa Muruatetu na mwenzake.

Na huku nyuma hatujamnyonga mtu tangu 1987, wale wa jaribio la mapinduzi la 1982. Rais Kibaki mwaka 2009 aliwageuzia zaidi ya watu 4,000 kutoka kifo kwenda maisha kwa mkupuo mmoja. Rais Uhuru Kenyatta naye 2016 akawageuzia 2,747. Sasa fikiria umekaa ndani, jana ulikuwa wa kunyongwa, leo wa maisha, kesho mahakama inasema urudi upangiwe upya. Nani anakufafanulia hayo? Askari hana wakati. Wakili wa serikali hujamuona tangu siku ya hukumu. Anayekufafanulia ni yule jamaa wa kitanda cha pili aliye na kitabu.

Lakini sasa msikie sehemu chungu. Baada ya Desemba 2017 kila mtu alikimbilia Muruatetu. Wa unyang'anyi wa nguvu, wa unajisi, wote wakaandika maombi ya kupangiwa adhabu upya, na mahakama nyingi zikawakubalia. Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikatoa maelekezo: ile hukumu yetu ilihusu mauaji peke yake. Watu waliokuwa wameshafunga virago kichwani wakaambiwa wakae chini. Nilikuwa najitolea na wanafunzi wenzangu wa sheria wakati ule. Sitasema gereza gani. Aliyesimama mbele ya wenzake kuwaeleza ile habari alikuwa mfungwa, mwanafunzi wa mwaka wa pili, na yeye mwenyewe kosa lake lilikuwa la unyang'anyi. Aliisoma karatasi yote kwa Kiswahili, taratibu, akaikunja, akasema, "Basi tutafute mlango mwingine." Mtihani huo hauna maksi.

#4 Mjukuu wa Hakimu

Mimi ni LLB mwaka wa nne, chuo nakificha. Nimecheka kidogo, nimehuzunika kidogo. Sisi huku nje tuna maktaba, tuna umeme, tuna simu, na mwaka 2022 Shule ya Sheria kwa Vitendo ilitoa matokeo ambayo nchi nzima ilisimama: watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja 26. Waliorudia mitihani 342, walioondolewa 265. Ikaundwa mpaka kamati ya kuchunguza, chini ya waziri wa zamani Mwakyembe. Sasa unaniambia kuna mtu anasoma sheria ya mikataba ya Kiingereza huku akihesabiwa mara kadhaa kwa siku na taa haizimwi usiku?

Nirudi kwenye hoja. Kwetu Tanzania adhabu ya kifo kwa mauaji bado ni ya lazima. Jaji Mwalusanya alijaribu mwaka 1994 kwenye kesi ya Mbushuu, akasema adhabu hiyo haipatani na Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikatengua. Tangu 1994 hatujanyonga, lakini majaji wanaendelea kutoa hukumu hiyo kwa sababu sheria haiwaachii jingine. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika iliyopo pale pale Arusha ilisema kwenye kesi ya Ally Rajabu na wenzake kwamba ulazima huo unavunja haki ya kuishi. Kesi inatoka kwetu, mahakama imekaa kwetu, na hukumu inatuhusu sisi.

Kitu kimoja niwakumbushe wanaosema "ametoka gerezani wakili". LLB ya London haikufanyi wakili, si Kenya, si Uganda, si hapa. Kuna shule ya vitendo, kuna uanagenzi, na kuna swali la mwenendo mwema ambalo kwa mtu aliyewahi kutiwa hatiani si dogo. Kwa hiyo wengi wa hawa wahitimu wanaishia kuwa wasaidizi wa kisheria. Wanaandika, wanafundisha, wanamwandaa mtu ajisemee. Kizimbani anapanda mwenye kesi.

#5 Neema wa Pili

Samahanini, naomba niwe mharibifu wa sherehe.

Baba yangu mdogo aliuawa dukani kwake. Waliomuua walikamatwa, wakahukumiwa. Mmoja wao, nasikia, sasa anasoma. Sijui anasoma nini na sitaki kujua. Watoto watatu wa marehemu, wawili wameishia darasa la saba kwa sababu lile duka ndilo lilikuwa ada. Hakuna shirika la Uingereza lililokuja kuwauliza wanataka kusoma nini.

Sisemi watu wasisome. Nasema mnavyoandika hapa "mafanikio", "shujaa", "kawaokoa 417", kila mmoja kati ya hao 417 ana familia upande wa pili iliyobaki na kaburi. Hao mmewahesabu?

#6 Tozo Mpya

Waachiwe tu wote wakawe mawakili, si ndiyo mnachotaka. Nchi ya ajabu sana hii.

#7 Kapuku_1

Tozo, soma uzi kwanza kabla ya kupaka matope.

#8 Afande wa Zamani

Nimestaafu magereza, Kenya. Neema, pole sana. Ulichosema sitakijibu, maana hakina jibu ambalo nitakupa mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti changu cha plastiki nyumbani. Nitaeleza tu nilichokiona.

Mpango ule ulipofika kituo nilichokuwa nikifanya kazi, wakubwa walitwambia askari wanaotaka kusoma wajiandikishe pamoja na wafungwa. Darasa moja, mwalimu mmoja, mtihani mmoja kutoka London. Tulicheka. Mimi nikajiandikisha kwa sababu ya cheo, nisiwadanganye. Nilitaka kitu cha kuweka kwenye faili nikienda kwa mahojiano.

Mwaka wa kwanza kuna masomo manne: mikataba, jinai, sheria ya umma, na mfumo wa sheria wenyewe. Yote ni sheria ya Kiingereza, si ya Kenya. Kwenye mikataba kuna kesi ya mama mmoja, Carlill, ya 1893. Kampuni ilitangaza kwamba atakayetumia dawa yao ya mafua kisha akaugua atalipwa pauni 100. Mama katumia, kaugua, kadai, wao wakasema lile lilikuwa tangazo tu la biashara. Mahakama ikasema walipe, maana ni ahadi kwa dunia nzima na mama ameshatimiza sharti. Mimi kesi hii nimeisoma mara tatu bila kuielewa. Aliyenielewesha alikuwa mfungwa wa kifo, amevaa mistari yake, akaniambia: "Afande, ukibandika karatasi langoni kwamba atakayeleta funguo zilizopotea atapewa mia tano, halafu mimi nikazileta, utasema karatasi ilikuwa ya mchezo?" Nikaelewa hapohapo. Niliona na haya pia, kwa sababu saa kumi ilipofika ni mimi niliyemfungia mlango.

Jambo lililobadilika kituoni si wale wawili watatu waliopata shahada. Kilichobadilika ni foleni ya ofisini. Zamani mfungwa akitaka kukata rufaa alikuwa anamwambia askari, askari anaandika anachokijua, mara nyingi maneno mawili: "sikuridhika na hukumu". Inaenda hivyohivyo, inatupwa hivyohivyo. Baada ya darasa kuanza, zikaanza kuja rufaa zilizoandikwa sababu moja, mbili, tatu, pamoja na kurasa za mwenendo wa kesi. Karani wa mahakama alinipigia simu kuuliza kama tumeajiri wakili.

Walikuwa wanafanya pia mahakama ya maigizo siku za Ijumaa. Mmoja jaji, mmoja mwendesha mashtaka, mwenye kesi ya kweli anajitetea kwa kesi yake ya kweli. Nimewaona watu wazima wakilia pale, na ni mchezo. Kuna mzee alikuwa hajawahi kumuuliza shahidi swali hata moja kwenye kesi yake yote. Hakujua kama anaruhusiwa. Alipoambiwa "una swali kwa shahidi?" siku ile ya kweli, alidhani anatishwa.

#9 Neema wa Pili

Afande, asante kwa kutonijibu.

#10 Kalamu Butu

Neema, swali lako nimelisoma, nikafunga simu, nikaenda nje, nikarudi. Umesema kweli, hesabu ya 417 haina upande wa pili, na mimi ndiye niliyeiandika hivyo hapo juu. Neno "kawaokoa" si langu lakini nalo nililiacha lipite.

Ninachoweza kukuambia ni kwamba Mahakama ya Juu ya Uganda haikumwachia mtu hata mmoja siku ile. Walirudishwa kupangiwa adhabu. Wapo waliopata maisha, wapo waliopata miaka mingi, na hukumu za kifo zingeweza kutolewa tena kwa yule ambaye jaji ameona anastahili. Tofauti ni kwamba mara hii jaji alisikiliza. Na kwenye kusikiliza huko upande wa marehemu nao unaweza kusikika, ambao chini ya ile sheria ya zamani haukuwa na nafasi pia, maana adhabu ilishaandikwa kabla hujafungua mdomo.

Sitegemei likutulize.

Afande, hiyo ya karani kuuliza kama mmeajiri wakili ndiyo niliyokuwa naitafuta tangu mwanzo wa uzi huu. Sasa ningepewa kuchagua, joho na hiyo simu ya karani, nachukua simu.

#11 Mshua wa St. Paul

Niko Minnesota mwaka wa kumi na moja sasa, salamu kwa Wakisii wote wa Brooklyn Park. Niongeze za huku.

Marekani walikuwa wanawalipia wafungwa masomo ya chuo kwa ruzuku ya Pell, ileile ya wanafunzi maskini wa kawaida. Mwaka 1994 Bunge likaikata, na vyuo vya gerezani vikafa karibu vyote. Vichache vikaendelea kwa michango. Mmoja wa mipango iliyojitokeza ni ule wa Chuo cha Bard, New York. Septemba 2015 timu yao ya mdahalo, wafungwa, iliwashinda Harvard. Ilitangazwa dunia nzima. Jamaa hawakuwa na intaneti kwenye maandalizi, vitabu na makala vilipita kwanza kwa uongozi wa gereza kukaguliwa. Pell ikarudishwa kwa wafungwa Julai 2023, baada ya karibu miaka thelathini.

Na hapahapa St. Paul, chuo cha sheria cha Mitchell Hamline mwaka 2022 kilimpokea mwanamke aliye gerezani kama mwanafunzi kamili wa sheria, anasoma kwa video. Huku lilikuwa jambo geni kabisa. Nilipowaambia wenzangu kazini kwamba Kamiti na Luzira walishaanza miaka mingi, walidhani natania.

#12 Bin Rajabu Mkwezi

Mandela naye si alisoma London akiwa Robben Island? Au nimechanganya.

#13 Mjukuu wa Hakimu

Hujachanganya. Alijiandikisha London, ila LLB yenyewe aliipata UNISA, Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Alikuwa ameshakuwa mwanasheria anayefanya kazi tangu miaka ya hamsini, na shahada hiyo ilikuwa inamkimbia toka ujana wake.

#14 Karandinga

Nimesita kuandika hapa lakini jina langu linajieleza.

Nilikaa mahabusu miezi kumi na tisa, Tanzania, gereza sitalitaja. Kesi ikaja kufutwa. Miezi kumi na tisa ya "upelelezi haujakamilika", kila baada ya siku kumi na nne, unapanda karandinga, unashuka, unasimama, hakimu anasoma, unarudi. Mara ya kwanza unaoga na kuchana nywele. Mara ya ishirini unaenda na malapa.

Kwetu hakukuwa na London wala joho. Kulikuwa na mzee mmoja, mfungwa wa muda mrefu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi uraiani. Alikuwa na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, nakala imechanika jalada, kurasa za mwisho hazipo. Sehemu ya dhamana ilikuwepo na sehemu ya rufaa ilikuwepo, basi zilitosha. Wote tulimwita Mwalimu, hata nyapara. Jioni anakaa, foleni inajipanga, kila mtu na hati yake ya mashtaka. Anasoma. Anauliza: "Hapa wameandika usiku. Wewe ulikamatwa saa ngapi?" Hakuwa anakutia moyo, hakuwa na maneno ya kukutia moyo. Anakuambia hiki unacho, hiki huna.

Malipo yake sukari. Ukipata sukari kwa wageni, unampelekea kijiko. Siku moja nikamuuliza kwa nini hajiandikii ya kwake. Akasema ameshaandika, akapoteza, na mahakama ya mwisho imeshasema. "Yangu imeisha. Zenu hazijaisha."

Sijui kama yumo kwenye hesabu ya wahitimu mnaowazungumzia. Hana cheti. Lakini nikisoma alichoandika Afande cha ile foleni, namuona yeye.

#15 Kalamu Butu

Yumo. Huyo yumo.

#16 Mswahili wa Tudor

Nilikuwa nimefunga simu nikalale. Karandinga umenirudisha.

#17 Dada wa Kati

Habarini. Naomba msamaha kuingiza la kwangu, nimeusoma uzi wote tangu jana na sina mwingine wa kumuuliza. Mdogo wangu amehukumiwa na mahakama ya wilaya wiki iliyopita, Jumanne. Miaka saba. Hatukuwa na wakili. Yeye anasema hakuelezwa kitu, amepelekwa tu. Tunataka kukata rufaa ila watu wa mtaani wanatuambia tusubiri nakala ya hukumu itoke kwanza ndipo tuanze. Ni kweli?

#18 Mjukuu wa Hakimu

Dada, MSISUBIRI. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi.

Kutoka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu kwa kesi ya jinai kuna vitu viwili tofauti, na watu wa mtaani wanavichanganya. Kuna taarifa ya kusudio la kukata rufaa, hiyo ni ndani ya siku 10 tangu hukumu. Ni karatasi fupi, haina sababu, inasema tu fulani amekusudia kukata rufaa. Halafu kuna rufaa yenyewe yenye sababu, hiyo ni ndani ya siku 45, na hapo ndipo siku za kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu hazihesabiwi. Ile ya siku 10 haisubiri nakala yoyote.

Kwa kuwa yuko gerezani, anaiwasilisha kwa mkuu wa gereza, gereza linaipeleka mahakamani. Kazi yako ni kumwambia aombe fomu leo. Siku zikimpita bado anaweza kuomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi, lakini hilo ni ombi jingine kabisa na linaweza kukataliwa.

Jumanne ya wiki iliyopita, leo Jumatano. Ni siku ya nane.

#19 Karandinga

Dada, nenda na kitambulisho chako, fika mapema kabla foleni ya wageni haijawa ndefu. Ukiruhusiwa kuongea naye, usianze na mambo ya nyumbani, anza na hilo. Mwambie aombe fomu ya kusudio la rufaa kwa afande wa ofisi, aweke dole gumba au saini, tarehe iandikwe. Na aulize huko ndani nani anasaidia watu kuandika. Yupo. Kila gereza yupo.

#20 Afande wa Zamani

Na umwombe ofisa akuambie tarehe iliyoandikwa kwenye rejista yao. Kwa adabu. Usigombane naye. Ukishaisikia tarehe, iandike mahali.

#21 Neema wa Pili

Dada wa Kati, uko mkoa gani? Kama ni Dar, kesho asubuhi nina gari.

#22 Dada wa Kati

Niko Dar. Nimekuandikia pembeni.

#23 Dada wa Kati

Tumerudi sasa hivi. Fomu ameijaza, tarehe ya leo, nimeiandika kwenye daftari na kwenye kiganja. Mkono unanitetemeka ndiyo maana naandika vibaya. Anasema huko ndani kuna mtu wanamwita Wakili, ila si wakili. Amemwambia aanze kukumbuka maswali ambayo hakumuuliza shahidi wa pili.

Mjukuu, hiyo nakala ya mwenendo wa kesi naiomba kwa nani, kwa karani palepale wilayani?

#24 Mjukuu wa Hakimu

Palepale. Andika barua ya kuomba nakala ya mwenendo na ya hukumu, weka namba ya kesi juu, toa kopi yake, kopi igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Hiyo kopi ndiyo ushahidi wako wa siku za kusubiri. Itunze kama pesa.